Udongo wa Wageni

Mkinikuta njiani mnaniita Papa Tarieri, na najua baadhi yenu mnadhani ni jina la ukoo. Si la ukoo. Tarieri ni ule mtaimbo wa chuma wenye mpini uliokingama juu, unaouzungusha ardhini kwa mikono miwili kama mtu anayekamua blanketi, kisha unauvuta na udongo umekwama kwenye ncha yake. Niliubeba begani miaka mingi, milima ya Masisi na misitu ya Walikale, hadi bega langu la kuume likashuka kuliko la kushoto. Mke wangu huwa anasema nikiwa mbali hanitambui kwa uso, ananitambua kwa bega. Sasa nimepumzika, chuma kimesimama nyuma ya mlango, na ninyi mnaosoma kilimo mnakuja kuniuliza kazi ilikuwaje. Kaeni. Nitawaambia, lakini msinitegemee nianze mwanzo na kumaliza mwisho. Mimi si katekista.

Kwanza mjue kwamba udongo hupimwa kwa mkono kabla ya kupimwa kwa chupa. Unachukua kidogo, unautemea mate ukikosa maji, unausokota kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoka utepe mrefu bila kukatika, huo ni mfinyanzi, na maji yatasimama juu yake. Ukikwaruza na kumong'onyoka, una mchanga mwingi, na mbolea utakayotia itapita chini kwa chini. Halafu unaunusa. Ukinuka kama msitu baada ya mvua, una uhai. Ukinuka yai lililooza, simama hapo hapo uulize maji yametoka wapi. Ninyi mna mashine inayowapa namba mkiwa mmesimama na viatu visafi. Sina ugomvi na mashine, ila sijaona bado iliyo na pua.

Aliyenifundisha hayo ni Papa Evariste, mtu wa Maniema, mnene, mpole, mpenda kahawa. Alianza kazi wakati wa Wabelgiji akiosha chupa za laboratwari, yaani maabara ya udongo, na Uhuru ulipofika akakutwa ndiye pekee anayejua chupa ipi ni ya nini. Hapo akawa mkubwa wetu. Hakuwa mkali, lakini alikuwa na methali kwa kila kosa, na methali yake ilikuwasha siku nzima. Ukifanya haraka na tarieri ukaliacha jiwe likukunje mkono, hakukupa pole. Alikuambia haraka haraka haina baraka, akaendelea kunywa kahawa.

Sheria zake zilikuwa chache na ninazifuata hata leo nikichimba shimo la kupanda mgomba. Usipime mahali pamoja tu shambani; tembea kama mlevi, huku na huku, chota kila unaposimama, changanya kwenye kitambaa safi, gawanya, tupa nusu, changanya tena. Futa chuma kabla ya kila shimo. Usivute sigara juu ya kitambaa, maana jivu la tumbaku linaufanya udongo upimike mzuri kuliko ulivyo. Andika kibandiko kwa penseli, kwa sababu wino na mvua ya Masisi havijawahi kuelewana. Na mfuko uwe mpya. Mwenzetu mmoja aliwahi kuokota mifuko iliyobebea chumvi, akaikung'uta vizuri, akatia udongo wa mlima mzima ndani yake. Kutoka laboratwari ya Bukavu wakatuuliza kwa adabu kama tumegundua bahari huko Masisi.

Kukausha nako kulikuwa vita. Udongo hukaushwa kivulini, polepole. Lakini Masisi kuna ukungu unaoweza kukaa juma zima bila kuaga, na mimi mtoto wa Mpofi, mtu wa msituni na joto, nilikuwa natetemeka hata nikiwa nimevaa makoti mawili. Siku moja nikamkuta mpishi wetu ametuonea huruma, ameukaanga udongo wa siku nzima kwenye sufuria, anaugeuza kwa mwiko. Alitaka kujua kama tunatia na mafuta. Papa Evariste alimshukuru, kisha akanigeukia akasema turudi mlimani tukachimbe upya. Tulikwenda, na mvua ikatupiga njia nzima.

Walikale ilikuwa na somo lake. Kule, karibu na kwetu Mpofi, mzee mmoja alitukataza kuondoka mpaka tuwe tumeuziba kila mwanya tuliofungua na kuukanyaga kwa kisigino, huku yeye akisema maneno yake kwa wenye ardhi walio chini. Kijana mwenzangu alinong'ona kwamba ni ushamba. Mimi niliziba. Baadaye ng'ombe wa mtu huko Masisi alivunjika mguu katika shimo la wapimaji wengine, na wapimaji hao hawakukaribishwa tena katika kilima kile. Tangu hapo nikawa naziba mashimo yangu kama mzee yule alivyotaka, na maneno ya heshima nikayasema pia, ingawa mimi ni mtu wa kanisa.

Na kuna Hombo. Tulikuwa tunatoka Walikale kwenda Bukavu na mifuko yetu nyuma ya kamyoneti, na pale kwenye bariyeri, kizuizi cha njiani, askari mmoja akataka kujua tunabeba nini. Tukamwambia udongo. Akauliza kama Bukavu hakuna udongo. Hakuna mtu, alisema, anayelipia mafuta ya gari ili kubeba udongo wa bure, kwa hiyo ndani kuna dhahabu. Akaanza kuingiza mkono katika mfuko mmoja, kisha wa pili, na mimi nikiona kazi yetu inachanganyika nilitaka kulia. Papa Evariste hakubishana. Alimuuliza tu mama yake analima wapi, na muhogo wake unatoka namna gani. Askari akasema unaoza. Basi wakazungumza muhogo, maji yanayosimama, kuinua matuta, mpaka mkono ukatoka mfukoni wenyewe. Tukapita. Ubaya wake ni kwamba muhogo wa yule mama ulipona, na kila tulipopita Hombo baada ya hapo tulisimamishwa muda mrefu zaidi ili tusikilize habari zake.

Sasa niwaambie ile kazi ya Ziwa.

Ilikuwa miaka ya sitini, ofisi zetu zikiwa na viti vingi kuliko watu. Katika milima ya Masisi kuna ziwa dogo ambalo wenyeji waliliita Ziwa tu, nami nitaliita hivyo. Juu yake, kwenye mto unaoliingia, kampuni moja, sosiete tulivyoiita, ilikuwa inaosha kasiteriti, lile jiwe jeusi zito wanalotolea bati. Kuosha ni hivi: changarawe inamwagwa katika mfereji wa mbao, maji yanapita juu yake, madini mazito yanabaki na matope yanakwenda zake. Yanakwenda wapi, hilo halikuwa swali la kampuni. Ziwa likawa na rangi ya chai ya maziwa. Mvua kubwa ikinyesha maji yalipanda kwenye mashamba ya chini, yakakaa siku kadhaa, yakashuka na kuacha tope la kijivu. Ukipanda maharagi hapo yalitoa majani mawili, yakageuka manjano, yakalala.

Shamba lililoumia kuliko yote lilikuwa la Mama Kahindo, pale mto unapoingia ziwani. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wamemwambia wazi: shamba lile ni la ukoo, na mwanamke asiyeweza kuwalimia watoto wa ukoo arudi kwa baba yake. Watoto wangebaki. Kwa desturi watoto ni wa upande wa baba, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtetea. Walimpa msimu mmoja tu zaidi.

Ndipo Mama Kahindo akatembea kwa miguu hadi ofisini kumwona agronomu wa teritwari, yaani bwana shamba wa wilaya, akaishitaki kampuni. Kampuni ikajibu kwamba udongo umechoka tu, wanawake wanapanda bila kuupumzisha, na papo hapo ikaomba ruhusa ya kufungua mfereji wa pili. Agronomu alikuwa kijana wa haki lakini mgeni wa kazi. Akasema udongo upimwe. Ukionekana umeharibiwa na tope la kuoshea, kampuni ichimbe mabwawa ya kutuliza maji kabla ya kuosha tena. Ukionekana mzima, shitaka limekwisha na mfereji wa pili ufunguliwe. Akatutuma sisi.

Tulifika baada ya mavuno, au niseme baada ya kile walichokiita mavuno, mashamba yakiwa matupu. Mama Kahindo alitutolea viti viwili, akavipangusa kwa ncha ya kitenge chake. Alitulisha bugari, yaani ugali, na maharagi yaliyoiva vizuri, na mimi nikaongeza mara mbili. Tukamweleza kazi: tumetumwa kuchukua udongo wa mashamba ya kando ya Ziwa, yeye na jirani zake watuonyeshe. Papa Evariste alikuwa na sheria nyingine ambayo sijawatajia, kwamba mwenye shamba ndiye anayejua shamba, basi mwache akuongoze. Ni sheria nzuri. Ilikuwa imetuokoa mara nyingi, na siku ile tuliitanguliza mbele ya ile ya kutembea kama mlevi.

Wanawake wakatuongoza mmoja mmoja. Kila tulipofika tulionyeshwa mahali pa kuchimba, na nakumbuka jambo lililonipendeza: palikuwa pamefagiliwa. Majani makavu yameondolewa, vijiwe vimekusanywa kando, nyayo za ufagio zinaonekana. Nikamwambia Papa Evariste kwamba watu wa huku wana usafi. Nikazungusha tarieri, ukaja udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri hata ukatamani kuupaka kwenye mkate. Tulitia matone ya dawa ya kupimia uchachu juu ya udongo kwenye sahani nyeupe. Yalikaa kijani kibichi, rangi ya udongo wenye afya. Tukatazamana, hatukuelewa, lakini mpimaji anaandika alichokipata. Bukavu nako wakapata kilekile. Agronomu akaambiwa udongo ni mzima, kampuni ikasikia siku hiyohiyo, na mafundi wake wakaanza kupasua mbao za mfereji wa pili.

Tulirudi Ziwani kuwaambia wenyewe, maana Papa Evariste hakupenda watu wasikie habari za mashamba yao kutoka kwa karani. Wanawake walikusanyika mbele ya nyumba ya Mama Kahindo, viti vikatolewa, vikapanguswa. Papa Evariste akavua kofia akawaambia, kwa huzuni, kwamba udongo umepimwa na umeonekana mzuri sana. Nilitazamia vilio. Wakapiga makofi. Walitabasamu, wakainamisha vichwa, kama watu ambao chakula chao kimesifiwa. Mama Kahindo akasema asante, kisha akauliza kwa utulivu:

"Sasa Papa, ile maji mubaya mutaiondoa siku gani?"

"Mama, maji itaondolewa namna gani? Laboratwari inasema udongo yako iko muzuri."

"Ndiyo. Njo ile ya pembe ya mbegu. Nilichagua miye mwenyewe."

Mnajua pembe ya mbegu? Wanawake wa kule walikuwa na kipande kidogo katika kila shamba, mahali palipoinuka, ambapo maji hayafiki. Humo walimwaga majivu ya jikoni na maganda ya maharagi mwaka hadi mwaka, na humo ndimo walimotoa mbegu. Ni kama sanduku la nguo za Jumapili. Papa Evariste akauliza polepole:

"Na ile udongo yenye ilikufa, Mama, juu ya nini hukutuonyesha?"

Mama Kahindo alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Papa, muko bageni. Miye nitapatia bageni udongo ya kufa?"

Papa Evariste alicheka mpaka kofia aliyoishika ikamdondoka. Alicheka peke yake, akapangusa machozi, na mara kicheko kikakatika, kwa sababu alikuwa amekumbuka zile mbao. Komisiyo ya kumaliza shauri ilikuwa ije siku ya soko iliyofuata. Mimi sikucheka kabisa. Nilikuwa nafikiria maharagi yale mazuri niliyoongeza mara mbili, maana sasa nilijua yalitoka pembe gani.

Mtadhani basi ilikuwa rahisi: mwombe akuonyeshe pabaya, chimba, maliza. Tuliomba. Alikubali, akatutangulia, akatupeleka mahali palipokuwa pazuri kidogo kupungua pale pa kwanza. Jirani zake vilevile. Hawakuwa wanaficha kitu. Walikuwa wanatamani tuone, na walipofika ukingoni mwa lile tope miguu yao iligeuka yenyewe. Mwanamke aliyefundishwa tangu utoto kwamba mgeni hapewi chungu kilichopasuka, utamfanyaje akupe wewe mgeni, mwenye kofia, kitu kilichooza? Nasi hatukutaka kujichagulia mashimo bila mwenye shamba, maana kampuni ingesema tumepatafuta pabaya kwa makusudi, na hapo shauri lingeharibika kabisa. Nilikuwa nimekasirika. Nilisema watu hawa watapoteza shamba kwa adabu. Papa Evariste akaniambia nisiwacheke, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekula adabu hiyo nikaramba sahani.

Asubuhi yake aliamka mapema, akakunja suruali mpaka magotini. Nilikuwa sijawahi kuona magoti yake. Mama Kahindo alipotoa viti, Papa Evariste hakukaa.

"Mama," alimwambia, "kwetu Maniema wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumefika kwako mara nyingi. Lete jembe."

Alikataa. Alisema haiwezekani, bantu ya serikali hailimi, majirani watamwimba kisimani. Papa Evariste akasimama tu pale na magoti yake nje. Mwishoni Mama Kahindo akaingia ndani, akatoka na majembe mawili, akatukabidhi huku ametazama pembeni.

Tulilima. Ninawaambia kweli, hakuna kazi ya ofisi iliyonichosha kama asubuhi ile. Mteremko wa Masisi si mahali pa mtu wa msituni. Kwetu unafyeka, unachoma, unapanda katikati ya visiki. Huko unasimama mguu mmoja juu na mwingine chini kama mbuzi, na jembe linataka kukurudisha ziwani. Nililima vidole vyangu zaidi ya ardhi. Wanawake walianza kwa kuficha midomo, kisha mmoja akaniigiza, kisha wote wakacheka waziwazi, wakaniita bwana harusi wa muhogo. Papa Evariste aliniambia chinichini nizidi kukosea, maana hakuna anayemcheka mgeni. Sikuhitaji kujikaza ili nikosee.

Jua lilipofika utosini Mama Kahindo aliweka jembe lake chini, akaja kwetu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hakutuita mabwana.

"Kujeni sasa muone," alisema. "Nilichoka kuificha."

Akatupeleka pale mto unapoingia. Hapakuwa pamefagiliwa. Tope la kijivu lilikuwa limepasuka juu ya shamba, mashina ya maharagi yamelala ndani yake, na kulikuwa na harufu ile niliyowaambia, ya yai. Alituonyesha mahali mumewe alipoanza kulima shamba hilo. Alituonyesha mstari ambapo watoto wake walikuwa wanapanda, kila mmoja na kipande chake. Kisha akachuchumaa, akafunika uso kwa kitenge, akalia, na wale wanawake waliokuwa wananicheka wakaja wakasimama karibu naye. Nilimwonea uchungu mama yule kama angekuwa mama yangu. Papa Evariste alingoja mpaka amalize. Kisha akasema tuchimbe shimo kubwa, si la tarieri, ili kila mwenye macho aone.

Hilo nalo lishikeni. Tarieri inakupa udongo kipande kipande. Shimo linakupa ukuta. Tulichimba lenye kina cha kiuno, tukasawazisha upande mmoja kwa sepetu mpaka ukasimama wima. Juu lilikaa tope la kijivu, upana wa kiganja. Chini yake, ghafla, ulianza udongo mweusi wenye mizizi ya zamani na mnyoo mmoja mnene aliyekasirika kuamshwa. Matone ya dawa kwenye kijivu yalikuwa mekundu, maana yake tope lina uchachu. Kwenye udongo mweusi yakawa kijani. Shamba la Mama Kahindo halikuwa limekufa. Lilikuwa limefunikwa, na nilipoelewa hilo nilipata furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa mshahara.

Siku ya soko komisiyo ikafika: agronomu, kapita wa kijiji, ndugu za marehemu waliokuja kuona mwisho wake, na msimamizi wa kampuni, Mkongomani mwenzetu tuliyemwita Bwana Kaptula kwa sababu baridi ile hakuiogopa. Papa Evariste akaanza kwa kusema kwamba udongo wa kwanza ulikuwa wa wageni, na akaeleza jinsi ulivyopatikana. Agronomu alikunja uso, kisha nikaona anajizuia kucheka. Wote wakashuka shimoni mmoja mmoja, wakaona ukuta, wakaona sahani.

Bwana Kaptula hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. Akasema ukuta ni kweli, lakini tope hilo linaweza kuwa limetoka mashamba ya juu, kwa sababu wanawake wanalima mteremko na mvua inashusha. Lilikuwa jibu zuri. Agronomu alianza kutikisa kichwa kama anayekubali, na mmoja wa shemeji zake Mama Kahindo akakohoa.

Mimi ni mtoto wa Mpofi. Nimekua nikiona watu wakiosha mchanga wa mito. Nilimwomba Mama Kahindo beseni, nikakwangua lile tope la kijivu ukutani, nikatia maji ya Ziwa, nikaanza kuzungusha. Mnazungusha taratibu, mnainamisha, mnaacha uchafu utoke ukingoni, mnaongeza maji. Mwishoni, chini ya beseni, pakabaki mstari mwembamba wa chembe nyeusi zinazong'aa.

Bwana Kaptula aliinama kabla ya wote. Hakuweza kujizuia, mkono wa kazi yake ulimvuta. Aligusa chembe kwa ncha ya kidole, akaziinua kwenye mwanga, akakaza uso.

"Hii ni kasiteriti," alisema. "Kasiteriti yote ya hapa ni ya sosiete. Hakuna muntu mwingine ana ruhusa ya kuiosha."

Agronomu alimgeukia.

"Sawa," akasema. "Basi na matope yenye iliibeba njo ya sosiete."

Papa Evariste akavaa kofia yake. Alikuwa ameimaliza kazi.

Kampuni ilichimba mabwawa, na mbao za mfereji wa pili ndizo zilizoshikilia kingo zake. Sitawadanganya kwamba Ziwa liligeuka kioo. Lilichukua muda, na samaki walirudi kwa kusitasita. Lakini tope jipya halikuja. Wanawake walikwangua la zamani kwa majembe, wakatia majivu ya jikoni juu ya ule udongo mweusi, maana majivu huua uchachu kuliko dawa nyingi za dukani, na wakapanda. Msimu ule wa mwisho aliopewa Mama Kahindo, maharagi yake yalipanda miti mpaka shemeji zake wakaja kuomba mbegu. Aliwapa. Hakuwapa za pembe ile.

Nilirudi kule baadaye, Papa Evariste akiwa amekwisha kupumzika, nami nikiwa na kijana mpya kutoka shuleni, aliyejua chumvi zote za udongo kwa majina yake. Mama Kahindo alitupokea uani, watoto wake wote wakiwa naye, mkubwa amemzidi urefu. Akatoa kiti, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, akampa kijana. Kimoja tu. Nilisimama pale na tarieri begani nikingoja changu. Akaingia ndani, akatoka na jembe, akanipa.

"Kiti ni ya bageni," alisema.

Nilitua tarieri yangu ukutani, nikakunja suruali, nikashuka shambani na watoto wake. Nilikuwa na furaha iliyonijaa kifua, na sijui kama niliificha. Nikiwa huko chini nilisikia kijana akimweleza Mama Kahindo kwamba amekuja kuchukua udongo, tafadhali amwonyeshe mahali. Akamjibu vizuri, akamtangulia. Niliinua kichwa nikatazama wanapokwenda. Palikuwa pamefagiliwa.